Joto la Kondoo wa Mama

Rangwe, 12 Februari 1967

Kwa shemeji yangu Nchagwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, na natumaini wewe, mama na watoto mu wazima vilevile. Mvua bado haijaugusa udongo na maji yanatekwa mbali, lakini samaki wanaletwa sokoni kutoka ziwani, hatulali njaa. Sabato iliyopita kanisa letu lilibatiza watu wengi kuliko viti vilivyopo. Dada yako Robi hajambo, anawasalimu.

Shemeji, tulipokuja huko na Robi pamoja na daktari wetu Mzungu kuwatia kondoo wa mama zile sifongo zenye dawa, niliahidi kurudi kuzitoa mwenyewe. Sasa daktari amenizuia hapa kituoni. Atakuja Ombati wa ofisi ya mifugo ya hapo Kehancha. Yeye atavuta ule uzi unaoning'inia nyuma ya kondoo, sifongo itoke, kisha atawachoma sindano ya ile chupa ya unga mweupe aliyoonyeshwa mama. Nyuzi msizikate. Nimesikia wapo majirani wanaosema ni hirizi.

Siku mbili baada ya hapo kondoo wote watapata joto kwa pamoja. Usishtuke. Likija, wahudumie upesi, maana joto hilo halikai. Wewe ni mtu mzima, utajua kinachostahili.

Na ikitokea baadaye wana-kondoo hawaonekani, msiwageukie majike. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa kazini ni hii: usimlaumu jike kabla hujampima dume. Dume wenu nilimpima mwenyewe, ni mzima.

Msomee mama salamu zangu za heshima.

Mimi shemeji yako,
Nashon


Kehancha, 11 Machi 1967

Kwa shemeji Nashon,

Hatujambo. Mama anaumwa magoti lakini jembe hajaliacha. Mwanangu wa mwisho ameota meno na anamng'ata kila mtu. Hizo ndizo salamu. Sasa nina hasira, naomba uniache niiseme.

Barua yako nilimsomea mama neno kwa neno, maana kondoo ni wake. Tuliposikia watapata joto tukajua ni homa ya ile dawa. Ombati akaja, akatoa sifongo, akachoma sindano, akapanda baiskeli yake kuelekea Isebania. Siku ya pili kweli kondoo wakaanza. Hawali, wanahangaika, wanatikisa mikia, wanasukumana ukutani. Mama akasema, "Joto la mkwe wetu limefika." Wewe uliandika tuwahudumie upesi. Tukawahudumia. Tuliwashusha mtoni tukawamwagia maji. Mama akachemsha majani machungu akawanywesha kwa chupa, mmoja mmoja, huku akiwabembeleza kama wajukuu. Na yule dume, ili asiambukizwe, tukamfunga kwa jirani yetu Nyarangi, ng'ambo ya kilima. Alilia siku mbili mpaka sauti ikamkauka. Tukasema maskini, naye amekwisha ambukizwa.

Ombati aliporudi kuuliza dume amefanya kazi vipi, nikamwambia tumemwokoa. Yule mtu alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi akanieleza joto lenyewe ni lipi, bila haya, nje ya nyumba ambako mama hakuweza kusikia. "Mficha uchi hazai," akasema, "na shemeji yako kaficha hata neno." Tangu siku hiyo sokoni naitwa Daktari wa Homa. Watu wananiletea kuku wanikague.

Kwa nini hukuandika kwamba wapandwe? Ulijua tunaitegemea barua yako peke yake.

Jambo la pili linanichoma kuliko kondoo. Umeandika ukurasa mzima juu ya mifugo, na juu ya dada yangu umeandika kwamba hajambo, basi. Wafanyabiashara wanaotoka Homa Bay wanasema mama yako anamwita Robi tasa mbele ya majirani, na kwamba kuna msichana anayetafutwa. Nijibu hilo. Ya kondoo unaweza kuyaacha.

Nchagwa


Rangwe, 3 Aprili 1967

Shemeji Nchagwa,

Salamu. Mvua imenyesha, tunapanda. Mama yangu Rispa hajambo, analalamika mgongo tu.

Hasira yako nimeipokea, nawe pokea yangu. Joto ni neno la kazi. Kila mtu wa mifugo kutoka hapa mpaka Kisii analijua. Ulishindwa nini kuuliza? Ombati anakaa karibu nawe kuliko kisima chenu. Halafu ulitaka niandike nini, ukijua kila barua yangu unaisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe? Mimi Mjaluo. Kwetu hata kula mbele ya mama mkwe sili. Nimsimulie yeye habari za kupandwa? Heshima niliyowawekea ndiyo mnaicheka sokoni.

Kwa kuwa unapenda uwazi, huu hapa, na ukifika hapa mama atoke nje. Ndani ya jike kuna ovari mbili, ndogo kama maharagwe, ndizo zinazotoa mayai. Hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna tezi, nayo inatuma homoni ndani ya damu kuziamsha. Dawa ya sifongo inaidanganya tezi hiyo, inadhani jike ana mimba, basi ovari zinalala. Ukivuta uzi uongo umekwisha, na kondoo wote wanaamka pamoja. Ile sindano ni maji ya damu ya farasi mwenye mimba. Inazisukuma ovari zitoe mayai mengi kuliko kawaida, ndipo mnapata mapacha. Jike aliyekosa dume mara ya kwanza hurudi tena baada ya wiki mbili na nusu hivi. Mfungulieni dume, mambo yaishe.

Ile methali ungemwachia Ombati mwenyewe. Uliiandika ukijua inaingia katika nyumba gani. Huu ni mwaka wa tano tangu nimwoe dada yako, na sihitaji soko la Kehancha lihesabu pamoja nami. Msichana hakuna. Robi ana joto kidogo tangu juzi, na tumbo limejaa. Atapona.

Nashon


Kehancha, 21 Aprili 1967

Shemeji,

Dume tulimfungulia zamani, siku ile ile aliyotucheka Ombati. Yaache hayo.

Joto gani?

Nimeusoma mstari wako wa mwisho asubuhi, nimeusoma tena jioni. Mwezi uliopita neno hilo lilinifanya nichekwe. Leo linanitisha. Ni malaria? Kama ni malaria si ungeandika malaria? Na tumbo limejaa nini? Ingekuwa mimba ungekuja kuitangaza mwenyewe kwa miguu, najua.

Mama aliniuliza umeandika nini juu ya Robi. Nikamwambia umeandika hajambo. Sipendi kumdanganya mama, na wewe ndiye uliyenitia katika uongo huo. Barua hii nimempa mtu anayepitia Macalder kwenda huko, usiseme posta imeipoteza. Jibu, au nije.

Nchagwa


Kehancha, 29 Mei 1967

Nashon,

Hukujibu. Sina salamu za kukuletea leo, na wewe unajua kwamba kwetu hatuandikiani hivyo.

Robi amefika. Alishuka basi Migori akadandia lori la mahindi mpaka hapa, akatembea kutoka barabarani ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mama alikuwa anapepeta mtama. Alipomwona akaangusha ungo.

"Mwanangu, ni mimba?"

"Si mimba, mama. Ni sindano."

Tulimpa uji, akanywa kidogo, akatueleza. Jioni moja ulirudi kutoka kazini na sindano ndani ya kitambaa. Ukamwambia ni vitamini ya kuongeza damu. Wiki ile ile ukamchoma tena. Mara ya pili akaiona chupa, ile ya unga mweupe, iliyokaa juu ya meza ya mama siku mliyokuja na daktari wenu.

"Nikamuuliza, hii si ya kondoo?" Robi alisema. "Akaniambia ya kondoo ina karatasi ya rangi nyingine."

Siku chache baadaye tumbo likavimba. Akawa anatapika, hawezi kulala chali, hawezi kuinama kufagia. Ulimwambia avumilie, ni dawa inafanya kazi. Mama yako ndiye aliyempeleka hospitali ya misheni, tena akimlaumu njia nzima. Huko wakamwambia ovari zake zimevimba kama machungwa. Mimi nilikuwa na barua yako mfukoni inayosema ni maharagwe.

Hilo ndilo joto. Uliweza kuniandikia ukurasa mzima kunifundisha sindano ya farasi inafanya nini ndani ya jike, na wakati huo huo ilikuwa inafanya hivyo ndani ya dada yangu, na kalamu yako haikutetemeka.

Nikuambie kinachonikasirisha zaidi. Kondoo wa mama waliombewa ruhusa. Daktari wenu alikaa kwenye kigoda, akamwomba mama kwa mkalimani, mama akakataa, daktari akaeleza tena, mama akafikiri, ndipo akakubali. Mzungu asiyemjua alimngoja. Robi, uliyemwoa kwa ng'ombe mbele ya wazee, hukumwuliza hata kwa nusu neno.

Hatarudi huko. Wajomba wameniambia niandike habari za kukurudishia ng'ombe wa mahari. Nimekataa kuandika kwa sasa, maana nikianza hilo sitaliacha katikati.

Nchagwa


Rangwe, 20 Juni 1967

Shemeji Nchagwa,

Bado nakuita shemeji, upende usipende.

Barua yako niliisoma nimesimama, sikuweza kukaa. Unaandika kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali moja miaka mitano. Wewe una watoto mpaka wanakung'ata. Mimi nikienda msibani naulizwa, kanisani wananiombea bila kuwaomba, na watoto wa ndugu zangu wanaambiwa wasicheze na viatu vyangu, wasije wakaambukizwa mkosi. Msichana alikuwepo. Mama yangu alikwisha mpata, wa kwao Karachuonyo, na wajumbe walikwisha kunywa chai. Nilikataa. Nilimwambia mama nina mke mmoja na kanisa langu linaruhusu mmoja. Akanipa mwaka mmoja. Hilo sikukuandikia. Ungefurahi kulisoma?

Kila siku nilikuwa naona majike waliokaa bure wakipata mapacha kwa chupa ile. Nilimsikia daktari wetu akisema ng'ambo hata wanawake waliwahi kupewa dawa ya namna hiyo. Nikachukua. Nilimpa kipimo kidogo kuliko cha kondoo. Ningemwambia Robi angekataa, na angekataa mwaka ukiwa unakwisha. Nilitaka kumweka ndani ya nyumba yangu, Nchagwa, si kumtoa.

Umemweka huko wa nini? Yeye ni mke wangu. Akipona mpandishe basi. Habari za ng'ombe sitaki kuzisikia kwa wajomba wala kwako.

Nashon


Kehancha, 26 Agosti 1967

Nashon,

Hatujambo. Robi tumbo limerudi mahali pake, anakula, anakwenda shambani na mama. Nimechukua muda kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi.

Kondoo wa mama wamezaa. Baadhi mapacha, wengi mmoja mmoja. Dume ni mzima kama ulivyosema.

Juzi, tukiwaangalia hao wana-kondoo wakigombea maziwa, mama aliniambia nilete barua zako zote nizisome upya, Robi akiwepo. Nikasoma ile ya kwanza, nikaruka ya Aprili. Mama akasema, "Iko nyingine. Nilikuona ukiikunja." Nikamwambia hiyo haikuandikwa kwa masikio yake, mkwe wake ameomba atoke nje.

"Nimezaa wanane," akasema, "na nusu ya watoto wa mlima huu niliwapokea kwa mikono hii. Huyo mkwe anadhani niliwaokota mtoni? Soma."

Nikasoma yote. Ovari, tezi, uongo wa sifongo, kupandwa, yote. Mimi ndiye niliyetokwa jasho. Mama alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji anachokijua. Nilipomaliza akasema, "Rudi kwenye ile ya kwanza. Pale aliposema usimlaumu jike." Nikarudia. Usimlaumu jike kabla hujampima dume.

Mama akamgeukia Robi. "Wewe umepimwa?"

"Nimepimwa misheni, baada ya sindano. Walisema sina kasoro, ila ile niliyotiwa na sindano."

"Na yeye?"

Robi alianza kucheka, cheko ambalo sijalisikia tangu aje, likageuka kilio, akaingia ndani. Kumbe miaka mitano hiyo yote hakuna aliyewahi kuuliza. Hata mimi kaka yake sikuuliza. Nilikuwa nagombana nawe juu ya jina la tasa, na moyoni nilikuwa nimeliamini, na hilo limenitia hasira nisiyojua niielekeze kwa nani, basi nakuelekezea wewe, ambaye kanuni hiyo unalipwa mshahara kuifuata.

Nikachukua kalamu. Mama akasema, "Andika: dume apimwe." Nikamwambia nitaliweka kwa namna ya heshima. Akasema, "Heshima yenu imewamwagia kondoo wangu maji baridi na imemtoboa mwanangu. Andika hivyo hivyo."

Nimeandika hivyo hivyo.

Nchagwa


Rangwe, 16 Oktoba 1967

Shemeji,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Robi.

Barua yako niliichana. Kisha nikaokota vipande nikaviweka ndani ya Biblia, nikawa namkasirikia kila mtu, hata daktari wetu aliponiambia tuanze na madume wa kijiji kingine. Nilimshikia kila dume, nikawapima, nikaandika. Nilipomaliza nikaomba ruhusa ya siku tatu.

Sikwenda hospitali ya karibu. Nilikwenda mbali ambako hakuna anayejua jina langu. Wamenipima, na kwa kuwa sikuamini wamenipima tena. Yule mganga wa hospitali alianza kuzungukazunguka na maneno, mara nguvu ya mwili, mara mapenzi ya Mungu. Nikamwambia mimi ni mtu wa mifugo, aseme. Akasema mbegu hakuna, wala hazijawahi kuwepo.

Basi kwa sindano ile nilikuwa naziamsha ovari zilizokuwa macho siku zote.

Msomee mama kwa sauti, asitoke nje. Jike hana kosa. Kosa ni la dume.

Mama yangu bado sijamwambia. Aliponiona nimerudi silali wala sili, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia nina joto kidogo.

Nashon


Kehancha, 30 Oktoba 1967

Shemeji Nashon,

Tumesoma, mama hakutoka. Akasema atakutunzia mwana-kondoo mmoja. Mimi sikumwuliza kwa nini, maana hasira yangu bado iko palepale na sitaki anipunguzie.

Robi naye amesikia. Hakulia safari hii. Nilimwuliza niandike nini, kama anarudi au nianze habari za ng'ombe. Akasema mtoto angeweza kumkosa akakaa nawe mpaka uzee. Kilichomtoa ni ile chupa, na kunyamaza kwako wakati jina la tasa linapita mlangoni.

Akasema ya kwetu yamekwisha kusikika, huku hakuna aliyebaki wa kuambiwa. Kwa hiyo atarudi siku utakapomsimamisha mama yako Rispa uani, pamoja na majirani walewale, ukamwambia kwa kinywa chako yale uliyotuandikia sisi. Atataka kuhakikishiwa na mtu aliyekuwepo.

Nilikuwa nakunja karatasi akanirudisha. "Ongeza," akasema. "Asiseme joto."

Nchagwa